Makalio Hayalipwi

Kipande cha Jailos, ile kadi ya kuwekea alama kila siku aliyofanya kazi, kilibakiza nafasi moja tupu. Ikijazwa, ataachiwa aende kwao Tukuyu, ambako kesho walikuwa wanaondoa matanga ya mama yake. Ndiyo maana alfajiri ile, lori likitoka Iringa na saruji pamoja na vibarua wa kujenga ghala Mbeya, aliuliza kwa adabu kama siku ya leo ingeandikwa.

Nyapara Zubery, aliyekaa mbele na dereva, viatu vikimeremeta kama vya bwana harusi, alitoa kichwa dirishani.

"Umekaa juu ya mifuko unapunga upepo, nami nikuandikie? Safari si kazi, bwana. Tangu lini makalio yakalipwa?"

Vibarua wakacheka, maana nyapara akitania ni lazima ucheke. Jailos hakucheka.

Walipoipita njia ya Rujewa, lori likazama matopeni. Nyuma yao wingu jeusi lilikuwa linakuja, na saruji haikuwa na turubai.

"Shukeni msukume," Zubery akaamuru.

Jailos akavuta blanketi mabegani. "Sisi bado tuko safarini, mzee. Kazi iko Mbeya. Tukifika tutaianza."

"Na makalio hayalipwi," akaongeza Sedekia, kibarua mwenzake. "Basi acha yapumzike."

Hakushuka mtu. Zubery akaanza kuwatukania mama zao, akakumbuka wa Jailos yuko kaburini, akalimeza tusi. Akavua viatu, akakunja suruali, akasukuma peke yake. Dereva Makame akakanyaga mafuta kwa moyo wote. Gurudumu likampaka nyapara matope kutoka kofia hadi meno. Tone la kwanza la mvua likaangukia mfuko wa saruji. Saruji ilikuwa ya tajiri, lakini wa kuulizwa ni Zubery.

"Leteni hivyo vipande," akasema.

Aliandika juu ya boneti, tope likimdondoka kidevuni. Ndipo wakashuka, wakaimba, lori likang'oka kama jino bovu.

Uyole, kwenye njia panda ya Tukuyu, Jailos aliteremka na kipande kilichojaa. Zubery alikuwa bado anajikwangua.

"Na mimi niliyesukuma, nani ataniandikia?"

"Wewe, mzee," alisema Jailos akijitwika kifurushi chake, "ulikuwa safarini."

Akashika njia ya kwa mama yake.