Asilimia Nne

"Nani kasema?"

Maneno mawili, wino mwekundu, pembeni mwa karibu kila sentensi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya pili ya tasnifu yangu niliyahesabu mara kumi na moja. Nimeandika wanafunzi wengi wa vyuo wana msongo wa mawazo: nani kasema? Nimeandika usingizi hupungua wakati wa mitihani: nani kasema? Jamani, si kila mtu anajua? Msimamizi wangu hakutaka kujua kila mtu anajua nini. Sura hiyo alishairudisha mara mbili, na aliniambia bila kupepesa macho kwamba nikiileta tena bila vyanzo vya kueleweka, nitarudia mwaka.

Kwa hiyo nilihamia kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba, kwenye kiti cha karibu na dirisha, kile chenye mguu mmoja mfupi. Mtandao ulinichezea sijapata kuona. Tovuti moja ilidai mwanafunzi mmoja kati ya watatu ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ikanielekeza kwenye nyingine. Hiyo ikanielekeza kwenye gazeti. Gazeti likasema "kwa mujibu wa wataalamu", na hao wataalamu ukiwatafuta hawana jina wala mlango. Tovuti nyingine ilianza vizuri, takwimu na michoro, kumbe mwisho wa yote inauza vidonge. Nyingine ndiyo kabisa: ukurasa haupatikani. Nikapiga meza kwa kiganja.

Mkutubi, mama mmoja mnene asiye na haraka, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, meza imekukosea nini?"

"Mama, humu kila mtu amesikia. Aliyesema hayupo!"

Akacheka, akavuta kiti. "Usianze na walichosema. Anza na haya: nani aliwauliza wanafunzi, lini, wangapi, na aliwauliza vipi." Kisha akanifungulia hifadhi ya majarida ya kitaaluma, akarudi zake mezani.

Siku ya nne nikaupata. Utafiti uliochapishwa mwaka uliotangulia, kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu: wanafunzi mia sita na kumi na wawili wa mwaka wa kwanza, tena wa chuo chetu hichohicho. Wenye dalili za sonona walikuwa asilimia nne tu. Karibu nimrukie mama wa watu kwa furaha. Nikashuka kwenye sehemu ya mbinu, nione waliulizwa vipi, kama alivyonifundisha. Mwezi upo, mwaka upo, ukumbi umetajwa. Nikausoma mstari huo mara tatu. Mimi nilikuwamo kwenye ukumbi ule.

Tulikuwa na miezi miwili tu chuoni. Fomu ziligawiwa saa ya chakula cha mchana, na kiongozi wa darasa akasimama mlangoni kama askari. "Hatoki mtu mpaka fomu zirudi!" Juu kabisa ya fomu palikuwa na nafasi ya kuandika namba ya usajili. Basi, mnong'ono ukaanza hapohapo: ukiweka ndiyo nyingi, wanapiga simu nyumbani kwenu. Watu wakaanza kuchunguliana karatasi.

Kushoto kwangu alikaa mwenzangu wa chumba, mwenye kitanda cha juu. Tulimwita Dakika Tano, maana kila asubuhi ukimwamsha alikuomba dakika tano, zikiisha anaomba tano nyingine, mpaka kipindi kinapita. Tulimcheka hatuna mbavu. Tulimwita mvivu, mbele yake.

"Namba saba umeweka nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Namba saba, ambayo niliiona tena kwenye kiambatisho cha utafiti ule, iliuliza kama kuna asubuhi unatamani usingeamka. Nilimgeuzia karatasi yangu. "Hapana. Zote hapana. Maliza, twende tukale."

Akamaliza. Kabla muhula haujaisha baba yake alikuja kumchukua, yeye na godoro lake. Hakurudi tena.

Msimamizi alipouona utafiti, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Sasa umefika. Jenga sura yako juu ya huu."

"Mwalimu, matokeo yake si ya kweli."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikuwamo."

Akafunga kalamu yake. "Wewe si chanzo. Sura naitaka Ijumaa, saa nane."

Nilitoka nimefura. Nilimkasirikia yeye, nikakikasirikia chuo, nikamkasirikia kiongozi wa darasa na mlango wake. Nilipofika chini ya ngazi, wa kukasirikiwa nilikuwa nimebaki mimi tu. Nikaitafuta namba ya Dakika Tano, nikapiga.

"Ni wewe? Nipe dakika tano," alisema, "nina mikate kwenye tanuri."

Nilisubiri nimeshika simu kwa mikono miwili. Alipiga kweli. Alikuwa na duka lake la mikate. "Siku hizi naamka saa kumi alfajiri," akasema. "Haya, cheka."

Sikucheka. Nilimweleza habari ya utafiti, ya asilimia nne, ya namba saba.

"Nilikuwa nimeshaweka ndiyo," akasema. "Kwa penseli. Nilikuuliza ili nijue kama niko peke yangu. Uliponionyesha yako, nikafuta."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Na wewe? Ilikuwa hapana kweli?"

"Nilikuwa na njaa," nikasema. "Maswali hata sikuyasoma. Nisamehe."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi andika hivyohivyo. Ila namba yangu ya usajili usiiweke. Weka yako."

Niliandika. Niliutaja utafiti na asilimia nne yake, kisha nikaeleza kwamba fomu zilikuwa na namba za usajili, kwamba tulizijaza kwa kuchunguliana, na kwamba walau ndiyo moja ilifutwa.

Sura ilirudi Jumatatu. Ilikuwa safi kuliko zote. Wino mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, pembeni mwa sentensi ile ya mwisho.

Nani kasema?

Nikatoa kalamu. Chini ya maneno yake nikaandika namba yangu ya usajili, tarakimu zote, nikapanda ngazi kumpelekea.