Usimpe Mpimaji Maji ya Mgeni

Wewe mama unayechota maji ya bomba hapa Bwera, nisikilize. Ukichemsha, vijidudu vinakufa. Kromiamu haifi. Hiyo ni madini, haina harufu, na mimi nilikuwa siijui mpaka mwaka huu wa 2016, binti yangu Bushira alipokuja kuipima kwenye bomba letu, lile la chini ya banda la kulainisha ngozi, wanakoitumia.

Alitoka Kasese na watu wa maji, amevaa glovu, kitambaa chake kichwani kimekaa sawasawa. Mtoto wake mwenyewe, ninayemlea mimi, anapikiwa uji kwa maji yale.

Jirani yangu Feresita akamkimbilia na jagi. "Karibu mwanangu, maji ndiyo hii."

Bushira akakinga maji ya jagi kwenye kichupa, akatia unga wake wa kupimia, unaogeuka rangi ukikuta kromiamu. Tukangoja. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Yeye akalitazama lile jagi. "Mama Feresita, hii imetoka kwa bomba?"

"Aka! Mugeni anapewa ya bomba? Ile iko na ladha ya chuma. Hii ni ya chemchemi, kaka yangu ameshusha kutoka kule juu zaidi ya banda la ngozi."

"Leo mimi si mugeni, mama. Nataka ile mbaya munakunywa."

Watu wakacheka. Tsongo, mwenyekiti wa bomba, hakucheka. "Unataka kufungia sisi maji? Wewe tulikuona uchi hapa, unaogeshwa kwa beseni!"

"Ndiyo, mwenyekiti. Na maji ya beseni ilikuwa ya bomba hii. Acha nipime."

Akafungua bomba, akaacha maji yamwagike kwanza, kisha akakinga. Unga ukaingia. Maji yakageuka zambarau.

"Tutachemsha," Tsongo akasema. "Mambo kwisha."

Bushira hakubishana. Aliomba sufuria kwa mama wa chai, akachemsha maji ya bomba mpaka yakapungua nusu, akayapoza, akapima tena. Zambarau ikakolea zaidi.

"Mzee, supu ikipungua, chumvi inaenda wapi?"

Tsongo akainama juu ya sufuria. "Inabaki," akasema polepole.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini siku ile nilijua nimezaa.

Kufuli la kufungia bomba alileta Tsongo mwenyewe. Sasa tunapanda mpaka chemchemi, ile iliyopimwa kwanza bila sisi kupanga, na Feresita anatamba kwamba bila jagi lake tungekunywa nini. Uji wa mjukuu wangu napika kwa maji hayo. Lakini magoti yanalia. Leo asubuhi Feresita amekaa kwenye jiwe katikati ya mlima, anahema.

"Mama Bushira, mutoto wako ametupa kazi!"

"Ndiyo," nikamwambia, "ni wangu. Simama, tupande."