Mji Ambao Atumani Hakuutoa

"Sina haraka," alisema Sajini Octave, akaketi juu ya gogo la kivuko na kulaza bunduki mapajani. "Huko Kasongo wananiambia hapa mutu havuke bila fumbo."

Atumani mvushaji alikuwa akichota maji ndani ya mtumbwi kwa kibuyu. Mkono ukasita. Tangu mvua kubwa zianze alikuwa akimtazamia askari wa Bula Matari, Serikali ya Wazungu, pale kwenye mto Luama, na uso wa kumwonyesha alikwisha kuupanga: uso wa mjinga asiyejua lolote. Hakupanga kukutana na askari anayependa mafumbo.

Mtumbwi wake ulichukua abiria mmoja tu. Ule mkubwa Serikali iliuchukua kubebea pamba, na kilichochukuliwa na Serikali hakirudi. Basi wasafiri wa njia ya Kasongo na Kabambare walingoja zamu, na aliyengoja alitegewa fumbo. Aliyeshindwa alitoa mji, kama ilivyo desturi, lakini kivuko kile kilikuwa na sheria zake. Utoe mji uliowahi kulala ndani yake, wenye mtu wako ndani yake. Na wa kwanza kuutoa ni mji wa mama yako, kwa kuwa mama husamehe. Sheria hizo alizitunga Atumani mwenyewe, naye alizishika kuliko alivyoishika sala ya alfajiri, Mungu amsamehe.

Vitendawili hakuvipenda. Kitendawili, alisema, ni mali ya aliyekisikia jana. Asiyekisikia atazeeka nacho. Yeye alipenda fumbo ambalo kila kitu kiko mbele ya macho yako, hakuna kilichofichwa, na bado huoni. Chui, mbuzi na majani ya muhogo, na mtumbwi wa kubeba kimoja kimoja: alilitega hilo mwaka hadi mwaka, akingoja tu kuuona uso wa mtu anapogundua kwamba mbuzi aliyekwisha kuvushwa lazima arudishwe. Watu hukataa kwanza. Huona ni kazi ya hasara. Halafu macho hufunguka, wakacheka kama waliotekenywa, na kwa kicheko hicho Atumani alikuwa radhi kupiga kafi siku nzima.

Kando ya gogo alisimama Albertine, mwanamke wa kijiji cha Wamaza, ng'ambo, akirudi kwao na kikapu cha chumvi kichwani. Yeye alikuwapo siku ile Hemedi, mdogo wake Atumani, alipotokea kivukoni akihema, shingo imechubuliwa na kamba. Hemedi alizichemsha mbegu za pamba alizogawiwa na Serikali, ili zisiote, kisha akazipanda kwa utiifu mkubwa, na shamba lake likabaki jekundu tupu. Walimfunga Kasongo, akatoroka, na Atumani akamvusha. Aliyetoroka kabla yake alirudishwa gerezani, katika kasho ile ile, akachapwa, na hakutoka humo akiwa hai.

Ng'ambo, Atumani na Hemedi walikuwa na ndugu katika vijiji vingi. Askari aliye peke yake angeweza kuingia kimoja tu kabla hajatangazwa. Akikosea, ngoma na miguu ya watu vingemtangulia kwingine kote, na Hemedi angekuwa msituni. Hiyo ndiyo salama yake yote.

"Basi nitege," alisema Sajini.

Atumani akatega la chui na mbuzi, kwa sauti ya kivivu.

"Mbuzi anarudi," Sajini akajibu hata kabla halijakwisha, akacheka kicheko kile kile.

"Kumbe Sajini uko na akili!" Ilimtoka Atumani bila kutaka. Ule uso wa mjinga ukaanguka majini, hakuuokota.

"Mama yangu alikuwa anatutegea, kule Kibombo. Mimi napenda sana fumbo lile ambalo kisichosemwa ndicho kinasema." Sajini akavuta shati lake vizuri. "Sasa langu. Uko kwa njia panda. Njia moja inaenda kwa muji, ingine inaenda kwa chui. Hapo wanakaa ndugu wawili. Mumoja anasema kweli siku zote, mwingine anasema uongo siku zote, na haujui nani ni nani. Uko na ulizo moja tu, kwa ndugu mumoja tu. Utauliza nini?"

Atumani akakiweka kibuyu chini. Alisikia ule utamu ukimpanda toka tumboni. Ndugu wawili, njia mbili, ulizo moja. Hakuna kilichofichwa!

"Nitamuuliza kama yeye ndiye wa kweli."

"Wote watasema ndiyo. Nipe muji."

"Chukua Kabambare."

Sajini akaingia mji wake kwa mdomo, kama mshindi anavyotakiwa. "Nimekwenda Kabambare, wamenipa wali na samaki, machifu wamenipigia magoti, na Atumani amenibebea kiti."

Albertine hakucheka. "Baba Aziza," alimwambia Atumani, "mvua inakuja. Univushe mimi kwanza. Nimeacha mutoto mugonjwa."

Watoto wa Albertine walikuwa watu wazima, wenye ndevu na wake. Atumani alilijua hilo. Lakini alikuwa njia panda, na wale ndugu wawili walikuwa wakimtazama.

"Ngoja kidogo, mama," alisema. "Ngoja nimalize."

Akajibu tena, akakosa, akatoa Wamaza. Sajini akaenda Wamaza, akala kuku, akamwoa binti wa mwenyeji. Akajibu tena, kwa pupa sasa, akakosa, akatoa Salamabila. Sajini akaingia Salamabila akiwa amebebwa kwenye kiti, lakini safari hii hakutabasamu. Alikuwa akimwangalia Atumani kama mtu anavyoangalia ndoana yake inapoanza kutikisika.

"Baba Aziza!" alisema Albertine.

"Nipe muji," alisema Sajini.

Ulimi wa Atumani ukaenda wenyewe mpaka Kitete, ukasimama mlangoni. Kitete alizaliwa mama yao. Kitete, nyuma ya ghala la mjomba, Hemedi alikuwa amelala wakati huo huo. Angelitamka jina hilo, askari angeliingia kwa mdomo: nimekwenda Kitete, nimemkuta fulani. Na Atumani aliamini kwamba neno lina miguu.

"Nimeishiwa," alisema. "Nimeishiwa miji."

Mto ulipita, mwekundu, umebeba matawi.

"Sheria ya hapa, naambiwa, mutu anaanza na muji wa mama," alisema Sajini polepole, karibu kwa huzuni. "Kwa kasho walisema mama yenu alikuwa wa Kitete. Mimi nikasema hapana, ni mukimbizi mujinga tu ndiye anakimbilia kwa mama. Nikajua niko na vijiji vingi vya kuchagua, na mguu wa kuingia kimoja." Akainuka. "Asante, kaka. Tuvuke."

"Zamu ni yangu," alisema Albertine.

"Mama atangoja."

Hapo tu ndipo Atumani alipoelewa ni kwa nini mwanamke yule alitaka kuvushwa wa kwanza. Mtumbwi wa mtu mmoja, na wawili wa kuvushwa, na kijiji cha kuonywa ng'ambo! Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu nani atangulie na nani abaki, na siku fumbo lilipokuja na miguu yake, alikuwa akicheza.

Sajini aliingia mtumbwini na viatu vyake vizito, akaketi, akashika kingo kwa mikono yote miwili kama mtoto anayevushwa mara ya kwanza. Bunduki aliibana kwa magoti. Atumani akasukuma. Maji yalikuwa yamejaa, yakivuta kwa nguvu, na alipiga kafi kwa mazoea tu, akili iko Kitete.

Walipofika katikati, Sajini alisema, bila kugeuka, "Unamuuliza yeyote: ndugu yako angenionyesha njia gani? Halafu unashika ile ingine."

Atumani akalipima. Wa kweli angesema uongo wa mwenzake. Wa uongo angeugeuza ukweli wa mwenzake. Wote wangeonyesha njia ya chui. Ilikuwa mbele ya macho yake wakati wote. Na utamu ulimjia, hata pale, hata na hofu ile, akaona machozi yanamlenga.

"Ni zuri," alisema. "Wallahi, ni zuri sana."

Kisha akatazama nyuma. Albertine alikuwa ameshusha kikapu chake, amesimama ukingoni, mikono kichwani. Atumani akatoa kafi majini, akalilaza mapajani mwake. Lilidondosha maji miguuni pake.

"Mbona umesimama?" aliuliza Sajini.

"Sajini, sasa ni zamu yangu kutega. Unajua kuogelea?"

Vidole vya Sajini vilikaza kingo mpaka vikapauka.

"Basi," alisema Atumani kwa upole, "nipe muji."

Mtumbwi ukaanza kugeuka polepole, wenyewe, mpaka omo yake ikawa haielekei ng'ambo hii wala ile.