Namba Kumi na Nne

Daftari la namba nalishika mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila kompyuta ya masjala yetu ina namba yake ya kuingilia kwenye hifadhi ya nyaraka, na kila waraka unaoingia unapigwa muhuri wa namba hiyo. Programu yenyewe ni ya kizamani. Ukizipa kompyuta mbili namba moja, inanyamaza tu. Ndiyo maana nipo mimi.

Mdogo wangu kazi hii nilimtafutia mwenyewe, nikamwombea kwa bosi mpaka mate yakanikauka. Miezi mitatu haijaisha, ofisi nzima inamwita Umeme. "Umeme, njoo unionyeshe." "Umeme ameshamaliza!" Mimi niliyemfundisha hata kushika kipanya, hakuna anayeniita chochote. Nilimwonea kijicho, damu yangu mwenyewe, wala sipambi maneno.

Kisha bosi akatangaza kwamba mkuu wa masjala anastaafu. Nafasi angepewa mmoja wetu, kwa wingi wa nyaraka alizoingiza na kwa maoni ya siri ya wenzake, yatakayoandikwa kwenye kompyuta na kuingizwa hifadhini. Nilijua nimekwisha. Siku hiyohiyo Umeme akaletewa kompyuta mpya.

"Dada, nipe namba yangu basi."

Daftarini niliandika ishirini na tisa. Kwenye kompyuta yake nikaingiza kumi na nne, namba yangu.

"Asante, dada. Bila wewe ningekuwa wapi mimi?"

Hapo ndipo aliponiudhi zaidi.

Wiki tatu kazi yake ikahesabika kwangu. Bosi alipomtaja anayeongoza, nilikuwa mimi, na Umeme akapiga makofi kuliko wote. Hata kwa makofi alikuwa mwepesi, mtoto yule!

Jumatatu bosi akaniita. Chumba chake kina dirisha la kioo linalotazama meza zetu. Akanisogezea karatasi moja ya maoni, haina jina, ina muhuri tu.

"Soma."

Nikasoma: "Mkuu awe dada. Kila ninachosifiwa nimekipata kwake, na naona aibu watu wakinisifu mimi wakamsahau yeye."

"Muhuri wa namba gani huo?"

Kumi na nne.

"Umejipigia debe mwenyewe, mama. Tena umejifanya mdogo wako! Masharti uliyasikia: anayejiandikia anatoka. Miaka kumi na moja nakuamini na daftari lile."

Ningelinyamazia hili, karatasi ya mdogo wangu ingebaki uongo wangu. Nikageuka, nikamwona nyuma ya kioo ameniinulia dole gumba, anacheka. Alidhani napewa habari njema.

Machozi yakanitoka mbele ya bosi, na sikuyafuta.

"Sikuiandika mimi," nikasema. "Twende mezani kwake, bosi. Kuna namba nataka uione, na yeye awepo."