Mkono wa Shemeji Kwenye Seva

...na bado kinazunguka tu, kile kiduara cha kwenye skrini, seva inajiwasha upya taratibu kama mtu asiyetaka kwenda kazini, na mimi simtazami shemeji, namsikiliza tu, amesimama pale mlangoni na simu sikioni, mgongo kwangu, kwa nini mgongo, mtu asiye na la kuficha hukupa uso, "hapana mama, sijui, asubuhi nimekuta wamenifungia tu," anamwambia mama mkwe, ndiyo, nishitaki kwa mama yako, kesho nitapigiwa simu, salamu nusu saa halafu lije swali, mwanangu, umemfanyia nini mdogo wa mumeo... nimemfanyia nini? Yeye kanifanyia nini! Wiki nzima huduma yangu inakubali kwenye kompyuta yangu, naiuliza majibu ya damu ya mgonjwa, inanipa, naipeleka kwenye seva, muuguzi huko kliniki akiuliza anapata tupu, si sifuri, si "hakuna", tupu, kosa jekundu refu kama ulimi, na funguo za seva hiyo anashika nani kama si yeye, na kazi hii aliitaka yeye, nikapewa mimi, akacheka, "hongera shemeji," meno yote nje, mimi meno ya namna ile siyaamini tangu siku ya harusi.

Nimefuata kila kanuni, nani atasema sikufuata, tuna kiunzi cha programu cha kugawa vitegemezi, yale mahitaji ya huduma, hapa ofisini tunakiita Mgawaji, sheria yake ni moja, huduma haijitafutii kitu, Mgawaji ndiye anayeiunda na kuiletea mahitaji yake yote mkononi, njia ya kwenda kwenye hifadhidata, ulinzi, kila kitu, inavishwa kama bwana harusi, na huku nje kuna injini ya huduma za mtandao, inapokea maombi ya kliniki na kuyapeleka kwa huduma, basi, mmoja anavisha, mwingine anafungua mlango, kazi yangu kuwaunganisha hao wawili, nimewaunganisha, sasa huduma iliyovishwa inafikaje uchi kwenye seva kama hakuna anayeivua njiani? Nikamwambia mkuu. Leo asubuhi, sikutaja jina, nilisema "kuna mkono," akauliza "mkono wa nani," nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake. Akamfungia seva papo hapo. "Leo mkono wake haupo," kasema mkuu, "nitakuja kuijaribu mwenyewe, ikikubali tumeshamjua mchawi, na mchawi anafungasha leo leo." Nami nikaitikia kwa kichwa, kichwa hiki hiki.

Na itakubali, ikatae kwa nini, "ndiyo, yupo mama, hajambo," anasema shemeji, ananisema, si nilijua, na maandishi yanapanda kwenye skrini, seva inataja viungo vyake kimoja kimoja, ile pale, sentensi yangu mwenyewe, niliiweka ili huduma ijitangaze kila inapoundwa, "huduma ya majibu imeundwa," haya, karibu bwana harusi, Mgawaji kakuunda, kakuvisha, mambo si hayo... tena? "Huduma ya majibu imeundwa." Mara ya pili. Weee! Nimeomba moja, ya pili ya nani, nilijua, kaacha mtego humo ndani kabla hawajamfungia, kikulacho ki nguoni mwako... lakini hapana, mafaili yote niliyafuta asubuhi nikaweka yangu, mkuu akiwa begani kwangu, humo hamna hata nukta ya shemeji, basi nani, soma vizuri mwanamke, mstari wa juu yake unasema injini inapakia huduma, injini... injini inaunda ya kwake? Subiri, subiri, kwenye faili la injini niliandika jina la huduma, mimi, nikidhani naielekeza iende ikaichukue kwa Mgawaji, kumbe ukiipa jina haiulizi mtu, inaunda mpya, yake yenyewe, mikono mitupu, Mgawaji haimjui wala haijawahi kumsikia, na hiyo tupu ndiyo inayowajibu wauguzi, ile iliyovishwa imekaa chumba cha ndani wiki nzima inangoja kuitwa, na kwangu inakubali kwa sababu majaribio yangu yanaichukua kwa Mgawaji moja kwa moja, injini haimo kabisa, lo, haimo... na juzi alisema! Alikuja na kikombe chake cha chai, "shemeji, mbona kwenye seva naona inaundwa mara mbili, hebu iangalie," nikamjibu "angalia ya kwako," nikaigeuza skrini asione.

Hakuna mkono, hakukuwa na mkono, kuna mimi na mdomo wangu. Dawa yake mstari mmoja, nifute jina, niiambie injini imuulize Mgawaji, naweza kuisimamisha sasa hivi na kuiandika, vidole vinajua njia, mkuu akija itakubali, nitapigiwa makofi... ikikubali tumeshamjua mchawi. Ikikubali ndiyo hukumu yenyewe. Niitengeneze halafu niseme hakuwa yeye? Thubutu, nani atanisikia, watasema namtetea kwa kuwa ni shemeji, watasema mbona imekubali siku aliyofungiwa, na anafungasha. "Usimpigie, mama," anasema, sauti kaishusha, "ana kazi nzito leo, muache apumue, haya yangu yatakwisha tu," na imeniuma, sifichi, imeniuma hapa chini ya ziwa, kumbe mtu alinigeuzia mgongo nisisikie anavyonitetea kwa mama yake.

Viatu vya mkuu hivyo kwenye ngazi, kiduara kinazunguka, naitoa mikono kwenye kibodi, naikalia yote miwili, nitamwambia mwenyewe, kwanza aone inakataa hata shemeji akiwa amefungiwa, nitamwambia mbele ya shemeji, mbele ya kila mtu, wacha wanicheke, wiki nzima nimekubembeleza ukubali, sasa kataa, injini, nakuomba, kataa mbele ya macho yake, mwaga wekundu wako wote, nipe lile kosa, nipe tupu...