Siku Waliyotaka Kumzima Mkaguzi

Meneja aliingia na lile tabasamu la watu waliokwisha kuamua, akasema mkaguzi atazimwa.

"Wateja wamechoka kusubiri, Shangazi. Programu zao zinachelewa kuamka."

Ofisi nzima ilimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na yeyote. Na mkaguzi hakuwa mtu. Mtambo wao ulitafsiri programu za wateja kwenda lugha ya mashine papo hapo, zikiwa zinaendeshwa. Njiani zilipitia msimbo wa kati, uliofupishwa na kupangwa upya ili ukimbie, na mkaguzi aliupitia kila ulipoguswa, isije ikatumika thamani ambayo bado haijapatikana. Mkaguzi ndicho kitu pekee kilichobaki cha chumba cha zamani walichofanyia kazi Shangazi, meneja na mwenzao Msumari, kile cha juu ya fundi viatu, kabla wakubwa hawajawapunguza kazini kina Msumari kama mtu anayepogoa ua, wakaita ule unyama mageuzi.

"Kiroboto," alisema Shangazi, maana ndilo lilikuwa jina la meneja enzi za chumba kile, hatulii kitini, "kaa nikusomee alichokikataa mkaguzi asubuhi."

"Majaribio yote yamepita. Huyo mkaguzi wako ana wasiwasi wa bibi harusi."

"Kaa."

Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama walivyofanya kabla mkaguzi hajaandikwa: mmoja anasoma, mwingine anauliza asili ya kila thamani, harufu ya gundi inapenya sakafuni, vichwa vinauma, wanacheka tu. Meneja alitazama simu. Akatazama dirisha. Msimbo ulipofika njia panda, sauti ya zamani ikamtoka bila kutumwa.

"Hiyo imezaliwa wapi?"

"Njia ya kushoto."

"Na programu ikipita kulia?"

Shangazi alimgeuzia skrini. Meneja akavuta kiti, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kulia thamani ile haikuwepo kabisa. Mashine ingeokota takataka yoyote ambayo ingeikuta hapo, ikaendelea na safari kana kwamba hakuna kitu.

"Msumari angenizomea wiki nzima," alisema.

"Msumari mlimfukuza."

Meneja alijikuna shingo. "Mkaguzi abaki. Wateja nitawaambia mimi."

"Na Msumari?"

"Shangazi, jamani. Nimeshakupa moja."

"Hukunipa," alisema Shangazi, macho yake tayari kwenye mstari unaofuata. "Kasoro umeiona mwenyewe."