Kiendelezi cha Shantala

Kompyuta waliyompa Prajwal ilikuwa bubu. Watu wa usalama wa kompyuta pale kazini walikataza programu ya kusoma skrini kwa sauti, kwa hiyo Shantala, asiyeona tangu utotoni, alitakiwa kuiandaa kwa kinywa chake na vidole vya mwenzake.

Prajwal ndiye aliyekuja kuchukua nafasi yake. Alimwita dada, na aliona haya kwelikweli, ila haya yake haikumsaidia mtu.

Walivuta msimbo wote wa kiendelezi cha Shantala, yaani maandishi ya programu yake, kisha vifurushi vya programu nyingine unavyovitegemea. Vikagoma. Prajwal akataka kufuta kila kitu waanze upya, Shantala akamwambia asome maneno mekundu yote, hata yanayomchosha.

“Umeweka toleo jipya mno,” akasema alipomaliza kusikiliza. “Rudi kwenye la nyuma yake.”

Miaka mitatu alikijenga kiendelezi hicho: programu ndogo inayochomekwa kwenye kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo, na kumsomea mwandishi makosa yake kwa sauti. Mkataba wake uliisha siku hiyo. Vyeti vyake halisi vya chuo vilikuwa kabatini kwa meneja Raghunandan tangu alipoajiriwa, kama vya wenzake wote, ili mtu asikimbie. Ukikabidhi kazi unatia saini, unarudishiwa. Jumatatu alikuwa na usaili kwingine hapo hapo Bengaluru, na bila vyeti halisi asingepita hata mapokezi.

Adhuhuri dirisha la pili la kihariri, la majaribio, likafunguka, kiendelezi kikiwa ndani yake, kikasema:

“Kosa, mstari wa saba. Mabano hayajafungwa.”

Prajwal akacheka kwa furaha. Shantala naye alifurahi, halafu akajichukia kwa kufurahi.

Raghunandan akatoka ofisini kwake. Akasifu kazi, akasema wageni wanaotaka kukinunua wanafika saa tisa, basi sauti izimwe tangu mwanzo isiwakere. Anayeitaka ataiwasha mwenyewe kwenye mipangilio.

“Asiyeona aitafute wapi hiyo mipangilio?”

“Wanaonunua wanaona, Shantala.”

“Wanaotumia hawaoni.”

“Mwonyeshe kijana pa kuizimia, utie saini, uchukue vyeti vyako. Usijitie ujuaji siku ya mwisho.”

Ulikuwa mstari mmoja tu wa msimbo, na Shantala aliujua kwa moyo. Karatasi ya makabidhiano ikasukumwa mkononi mwake. Akaomba Prajwal amsomee. Prajwal akasoma kwa sauti ya chini: kazi imekabidhiwa kikamilifu, bila dai lolote, nayo ilifanywa na timu.

“Timu ipi?” akauliza Shantala. “Sitii saini.”

“Basi vyeti vitakaa.”

“Na mimi nitakaa.”

Akapapasa kiti, akakiburuta mpaka mbele ya kabati la vyeti, mle mle chumbani, akaketi. Hasira zilimfanya asione njaa.

Saa tisa wageni wakaingia. Prajwal alikuwa amebonyeza kitufe cha kunyamazisha spika. Ndicho pekee alichokijua. Raghunandan akawaeleza kwamba hiki ndicho kiendelezi kinachowasomea wasioona makosa yao. Skrini ikaonyesha makosa kwa maandishi. Hakikusikika kitu. Wageni wakapiga makofi.

Mlinzi akaja kumwomba Shantala asogee, picha inataka kupigwa.

“Sisogei.”

“Mwache,” akasema Raghunandan kwa upole wa mbele ya wageni. “Atapendeza kwenye picha.”

Shantala akanyanyuka, akakigeuza kiti, akaketi akiwapa mgongo, paji lake likigusa mlango wa kabati. Nyuma yake mpiga picha akawaomba wote watabasamu.